Dau la Saa Sita

Redio ya Motorola ilikwaruza sikioni.

"Nukta, mzigo wa saa sita umeingia kutu. Ova."

Nukta, ofisa wa usalama, aliipinda pikipiki yake ya Yamaha kati ya malori mawili, akapenya.

Kutu ilikuwa hatari. Mzigo alikuwa kiongozi wa upinzani, siku arobaini na moja rumande. Mahakama ilikuwa imeamuru aachiwe leo kabla ya saa sita mchana.

Duniani kote watu walikuwa wameweka pesa kwenye soko la ubashiri mtandaoni. Swali moja tu: atatoka kabla ya saa sita, ndiyo au hapana? Asubuhi, asilimia tisini na tatu walisema ndiyo. Saa nne, mtu mmoja akamwaga mamilioni kwenye "hapana".

"Tumemkamata hotelini," Makao Makuu wakaendelea. "Mgeni. Kompyuta tatu na kichupa cha dawa. Tumeipima. Inasimamisha moyo ndani ya dakika mbili. Kichupa cha pili kimeshaingia gerezani."

"Nani anacho?"

"Dakika nne baada ya mgeni, simu moja ya humo gerezani nayo iliweka dau kwenye 'hapana'. Dogo. Mshahara wa mwezi."

Wakamsomea namba.

Nukta hakuhitaji kuiandika. Ilikuwa ya shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe, tabibu wa gereza.

Ee Mungu, asiwe anajua kilichomo.

Saa tano na dakika arobaini na tatu. Kitambulisho langoni. Korido ndefu. Mlango wa tatu kushoto.

Zahanati ilikuwa na kitanda cha chuma, mizani na kabati lisilofunga vizuri. Shemeji alikuwa akivuta dawa kwenye sindano.

"Shemeji! Umepotea njia? Hapa tunatibu wafungwa tu."

"Ya nani hiyo?"

"Ya mheshimiwa. Vitamini za safari."

Bastola ya Nukta, Glock, ikatoka kiunoni.

Tabasamu la tabibu likafa. "Nimeambiwa nimlaze tu. Saa mbili za usingizi, saa sita ipite, basi. Nani anaumia hapo?"

"Una hakika ni usingizi?"

"Naapa kwa kaburi la dada."

"Basi jidunge."

Kama anajua, atakataa. Nukta aliutaka sana ukweli huo. Na aliuogopa.

Shemeji alimkodolea macho. Kisha akakunja mkono wa koti lake jeupe, akatafuta mshipa.

"Nikikoroma usinirekodi," alisema.

Sindano ikagusa ngozi.

Nukta aliipiga kofi. Ikaruka, ikagonga ukuta.

"Ni sumu, mpumbavu wewe! Ungekufa. Naye angekufa."

Tabibu alishuka sakafuni kama gunia.

Saa tano na dakika hamsini na moja.

"Inuka," Nukta alisema, akimfunga pingu mkono wa kushoto. "Bila sahihi yako kwenye fomu ya afya, lango halifunguki. Hao wa dau la 'hapana' watashinda hata bila sindano."

"Mkono haushiki kalamu, shemeji."

"Utashika."

Askari wawili wakamleta kiongozi, amekonda, shati limempwaya. Tabibu akamfunga kipima presha, pingu ikining'inia. Akasikiliza kifua. Akasikiliza tena.

"Daktari, unatetemeka kunishinda mimi mfungwa," kiongozi alisema. "Pole."

Neno hilo lilimtoa tabibu machozi. Akaandika: mzima. Akatia sahihi.

Saa tano na dakika hamsini na nane, lango likafunguka. Kelele za umati zikatikisa madirisha.

Nje, simu ya Nukta ililia. Mama mkwe.

"Baba, mwanangu hapokei simu. Naona watu wengi huko kwenye televisheni. Yuko salama?"

Kando ya ukuta, askari walikuwa wakimwinamisha tabibu kichwa kumwingiza kwenye Land Cruiser.

"Yu hai, mama."

"Sikukuuliza hilo."

Nukta akafumba macho, akaomba kimya apewe maneno.

"Weka chai, mama. Nakuja kukueleza mwenyewe."

Akavaa kofia, akawasha Yamaha, akazipita kamera zote kana kwamba alikuja tu kuleta barua.