Mawe Yaliyoachwa Chali

Kila bamvua, siku ambazo bahari hupwa mbali kuliko kawaida, Shemsa alifuatana na mama yake, Bi Wanu, kwenda kuokota chaza kwenye mwamba wa Mkokotoni. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na kazi aliijua: geuza jiwe, okota wakubwa, waache wadogo, kisha lirudishe jiwe kama lilivyokuwa. Watoto wa chaza hujishikiza upande wa chini, na wakipigwa na jua hufa.

"Ukiliacha chali umeezua nyumba ya watu," Bi Wanu alizoea kumwambia.

Mwaka 1970 alikuja Jaku, mchuuzi wa mjini, na lori lake. Alinunua chaza kwa debe, wakubwa kwa wadogo, na hapakuwa na sheria wala mtu wa kumzuia. Basi kijiji kikaingiwa na wazimu! Hata wasiojua maji kupwa wala kujaa walishuka na mitaimbo. Nani tena angepoteza muda kurudisha mawe?

Shemsa naye hakurudisha. Miezi yote ambayo mama yake aliumwa mgongo, alishuka peke yake. Akiulizwa, "Mawe umeyarudisha?" alijibu, "Naam, mama, yote." Uongo mtupu.

Haukupita mwaka, mwamba ukawa mweupe na kunuka. Jaku akahamia pwani nyingine, wala hakuaga. Miaka ile mchele ulikuwa wa mgao wa serikali, na kitoweo chao kilikuwa chaza. Siku moja Bi Wanu, mgongo ukiwa umepoa, alishuka mwenyewe na kurudi na pakacha tupu, akawawekea wanawe muhogo mkavu. Mdogo wake Shemsa akalia akitaka mchuzi.

"Jaku mwizi!" Shemsa alifoka. "Katumaliza! Wallahi nikimwona..."

"Utamfanya nini?" Bi Wanu alimkatiza. "Nnatoka mwambani sasa hivi. Upande wetu, tunaookota sisi tu, mawe yote yako chali. Nani kayaacha?"

Shemsa alitamani ardhi immeze. "Mimi, mama. Nlikudanganya."

Bi Wanu hakumpiga. Alimshika mkono, akampeleka kwa Bi Kazija, mkubwa wa wanawake wa pwani ile, ambako wenzao walikuwa wamekusanyika kumlaani Jaku.

"Shikamoo, Bi Kazija," alisema Shemsa.

"Marahaba. Una nini?"

Akasema yote huku akilia. Kisha mwanamke mmoja akainamisha kichwa, akasema, "Hata mimi." Wakafuata wengine.

Siku ile ile wakaufunga mwamba, mtu yeyote asiokote. Kwa bamvua tatu walirudisha mawe mpaka vidole vikachanika, na mitaimbo ikapigwa marufuku. Mwaka wa pili Shemsa aliinua jiwe, akaona watoto wa chaza, wadogo kama kucha.

"Wamerudi!" akapiga kelele. "Na Jaku alaaniwe!"

Bi Kazija alimkazia macho. "Mchukie ukitaka, mwanangu, hata mimi nnamchukia. Lakini Jaku hakuloa hata kisigino. Walioinama ni sisi. Na ule uongo uliomwambia mama yako, hakukufundisha yeye."