Kitasa cha Seli

Katika Mji wa Kilimatinde Mpya maji hayakufunguliwa kwa mkono, yalifunguliwa kwa macho. Nyamizi Kasanda aliketi ghorofa ya pili ya Kituo cha Mgawo, mbele ya kioo kipana kama mlango wa gereji, na juu ya kioo hicho lilitandazwa Jedwali Hai. Lilikuwa na mistari na safu, na pale mstari ulipokutana na safu palikuwa na seli. Kila seli ilikuwa koki ya mtaa mmoja. Ukiandika 140 ndani ya seli, mtaa ule ulipata lita mia moja na arobaini kwa dakika, papo hapo. Ukifuta, mabomba yalikauka.

Kuhama kutoka seli hadi seli ilikuwa kazi ya mboni-kishale, kijicho cha kioo kilichopachikwa juu ya fremu, kikifuata mboni za mfanyakazi. Unapotazama ndipo unapoandika. Wageni waliotembezwa kituoni walipiga makofi. Wafanyakazi hawakupiga, maana wao walikuwa wanaijua tabia yake.

Tabia yenyewe ilikuwa kero ya kale iliyorudi na nguo mpya. Katika majedwali ya enzi za bibi zake Nyamizi, mtu akitaka kurekebisha tarakimu ya katikati ndani ya seli, akabonyeza kitufe cha mshale ili arudi nyuma hatua moja, jedwali lilimtoa nje na kumtupa kwenye seli ya jirani. Watu walilaani weee, mpaka walipojua kwamba kuna kitufe juu ya kibodi cha kuliambia jedwali litulie, bado wako ndani. Waliounda Jedwali Hai waliona kitufe hicho ni mambo ya kizamani, wakakiacha. Kwa hiyo jicho likiteleza pembeni kidogo tu wakati unaandika, seli ilijifunga, na nusu ya ulichoandika ikahesabiwa kuwa ndiyo amri.

Wiki yake ya kwanza kazini, mwenzake Ndalu aliingia akamwambia, "Shikamoo, dada." Nyamizi akamgeukia kumwitikia marahaba, kama alivyolelewa. Alikuwa ameandika 1, bado 4 na 0. Zahanati iliyokuwa ikisafisha damu za wagonjwa wa figo ikapata lita moja. Hakufa mtu, lakini siku ile Nyamizi alishindwa kula.

Tangu hapo chumba kilijiwekea sheria yake: ukiingia, husalimii. Na Nyamizi akalifundisha jicho lake adabu mpya. Mlango ukifunguka, nzi akipita, mkono ukipunga, chochote kinachocheza pembeni hakipo. Baada ya miezi kadhaa kweli kikawa hakipo. Makosa ya kuteleza yaliisha, na taarifa zilizopelekwa makao makuu zilikuwa safi.

Nyumbani mambo hayakuwa safi. Mumewe, Chitema, fundi cherehani, alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa, na wao wawili walizungumza kwa mikono. Anayezungumza kwa mikono hutazamwa usoni, maana hasira na utani na swali vyote viko usoni. Mikono hudakwa kwa pembe ya jicho. Na pembe hiyo ndiyo Nyamizi aliyokuwa ameifunga.

Jumatatu jioni alirudi akakuta cherehani imefungwa kwa turubai na kamba, imewekwa karibu na mlango.

"Unaipeleka wapi?" aliuliza kwa mikono.

Chitema alikunja uso. Nyamizi aliona nyusi, aliona mdomo, lakini mikono ilikuwa imepotelea chini huko. Alipoyashusha macho kuifuata, akaukosa uso.

"Rudia."

"Mpwapwa, kwa kaka. Si nilikuuliza jana, ukakubali?"

"Sikukubali kitu!"

"Nilikuuliza kama si bora niende, maana humu ndani siku hizi naongea na ukuta. Ukaitikia kwa kichwa. Tena ukatabasamu."

Nyamizi alikumbuka tabasamu lile, akaona aibu. Alikuwa amekwisha kumwomba arudie mara mbili, na kuomba ya tatu aliona haya, akaitikia tu kama mtu anavyomwitikia mgeni anayezungumza kilugha asichokijua. Alimweleza Chitema kila kitu: jedwali, mboni-kishale, jicho alilolifunga mwenyewe.

"Mikono hii?" Chitema aliinyanyua. "Mbele ya pua yako?"

"Nauona uso. Mikono inatoka nje."

 Chitema akasema polepole, ili mkewe asipoteze hata neno moja, "Lori la mzigo linakuja Ijumaa. Sitaki kwenda, Nyamizi. Lakini mimi sina sauti nyingine."

Asubuhi Nyamizi alikwenda moja kwa moja kwa Mhandisi Telesia Mgaya, msimamizi wa Jedwali. Telesia hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Dada Nyamizi, kitasa cha kuishikilia seli wakati mtu anaandika si kazi kubwa, ni siku mbili. Lakini makao makuu wataniuliza kosa liko wapi. Nikifungua taarifa, makosa ya kuteleza ni sifuri. Mashine imepona."

"Mashine haijapona, Mhandisi. Sisi ndio tumepinda."

"Nakuamini. Ila sina mahali pa kuliandika hilo."

"Basi njoo ukae kwenye kiti changu. Seli moja tu."

Nyamizi alimchagulia seli ya bustani ya kituo, ili likitokea la kutokea asiumie mtu. Jirani yake ilikuwa seli ya kantini. Telesia aliketi, akalitazama jedwali kwa kujiamini, akaanza kuandika 25. Nyamizi akazunguka upande wa pili, akasema kwa upole, kama watu wanavyosalimiana popote, "Habari za nyumbani, Mhandisi? Mama anaendeleaje na miguu?"

"Nzuri, dada, mama hajam..." Telesia alikuwa amegeuka.

Kioo kililia. Ile 2 ilibaki bustanini, na 5 ikaangukia kantini, iliyokuwa na 90. Huko chini sufuria ziligongana, na sauti ya mpishi ikapanda ngazi: "Nani tena kanikatia maji na mchele uko jikoni?"

Telesia alirudisha 90 haraka, masikio yamemwaka moto. "Umenichokoza makusudi."

"Nimekusalimia."

Telesia aliinua macho kwenye mboni-kishale. Kisha akasema, "Niliijaribu mashine hii mwaka mzima. Peke yangu, mlango umefungwa. Hakuna aliyenisalimia." Akakitazama chumba. "Ninyi mnafanyaje?"

"Hatusalimiani," alisema Ndalu, macho yake kwenye kioo.

Hapo ndipo Telesia alipogundua kwamba kioo kimelia, mpishi amefoka, na hakuna hata mmoja chumbani aliyegeuza uso.  Alilifungua daftari la makosa kwenye kioo na kuandika kosa la kuteleza, akaweka jina lake mwenyewe.

Alhamisi kitasa kililetwa. Kilikuwa kanyagio dogo jekundu chini ya meza: ukilikanyaga, seli inabaki yako, macho yaende yatakako, mpaka uliachie. Ndalu aliingia na "Shikamoo!" ya kupasua paa, watu wakacheka. Nyamizi alilikanyaga kanyagio, akaliambia jicho lake litazame mlangoni. Halikwenda. Ilibidi ageuze shingo nzima.

"Litarudi?" alimuuliza Telesia.

"Labda, taratibu. Labda si lote." Telesia alimtazama usoni. "Hatukupima, dada. Hatukufikiria kwamba kuna cha kupima. Nisamehe."

Ijumaa Nyamizi aliomba ruhusa akawahi kurudi. Cherehani ilikuwa bado pale mlangoni ndani ya turubai, na Chitema amesimama kando yake. Alianza kuzungumza, na Nyamizi akashangaa kwamba anamwelewa. Hakukosa neno. Alifurahi kwanza, ndipo akaona sababu. Viwiko vya mumewe vilikuwa vimebana mbavu. Mikono yake ilikuwa midogo, imejikusanya chini ya kidevu, na maneno yaliyohitaji mkono mzima aliyasema kwa vidole viwili.

"Nimefanya mazoezi," Chitema alieleza kwa vidole vile. "Tangu Jumanne, mbele ya kioo cha wateja. Sasa naingia?"

Nyamizi alilia. Chitema, aliyekuwa akisimulia habari za mpira kwa mikono mpaka vikombe vinaanguka mezani, alikuwa amejikunja ili aenee ndani ya seli ya mke wake. Nyamizi alimshika vifundo vya mikono, akaishusha mikono yake.

"Usifanye hivyo tena," alimwambia.

Kisha akaanza kurudi nyuma. Aliipita meza, akatoka mlangoni kinyumenyume, akamvuta Chitema kwa ishara asimame kizingitini, naye akaendelea kurudi uani mpaka mgongo ukagusa kamba ya nguo. Hapo Chitema alienea mzima machoni pake, tangu nywele mpaka ncha za vidole, mikono yake ikiwa imekunjuliwa.

"Sasa," alisema Nyamizi, "sema kwa ukubwa wako."

Barabarani lori la mzigo lilipiga honi. Chitema hakuisikia, na Nyamizi hakugeuka. Honi ililia tena, ndefu, na Chitema akanyanyua mikono yote miwili.