Makande ya Kikapuni

Kule Myamba, milimani Upare, makande ndiyo chakula chenyewe. Mahindi na maharage huwekwa motoni asubuhi, yakachemka taratibu mpaka jioni. Ukipita nje ukaona moshi unatoka jikoni, unajua humo leo watu watashiba. Mpare akikataa makande, tunamuuliza kama anaumwa.

Irine naye alipika hivyo. Ameolewa na Sifael, mkulima wa tangawizi, na wanaishi pamoja na mama yake Sifael, Bibi Justa. Wana mtoto mmoja, Blessing, wa miezi minane. Kila siku Irine alimbeba Blessing mgongoni kwa kanga, akaingia jikoni, akapuliza moto. Jiko lao ni chumba kidogo chenye mafiga matatu na kidirisha cha kupitisha mkono tu. Mvua ikinyesha, kuni zinalowa, na moshi unajaa mpaka machozi yanatoka.

Msimu wa baridi ulipoanza, Blessing akaanza kukohoa. Bibi Justa akasema ni baridi ya mlimani, nani asiyeijua. Akamwambia Irine amsogeze mtoto karibu zaidi na moto. Irine hakubisha, maana mama mkwe ameshalea watoto na yeye ndiyo kwanza anajifunza. Akamsogeza. Kikohozi kikazidi.

Asubuhi moja Blessing alianza kupumua harakaharaka. Kila alipovuta pumzi, mbavu zilibonyea ndani. Ziwa alilikataa. Irine akapiga kelele kumwita mumewe. Sifael aliacha jembe shambani, wakamkimbiza mtoto zahanati. Hapo walifanya vema kabisa, maana mtoto anayepumua hivyo hasubiriwi hata kidogo. Alipewa dawa, akapata nafuu.

Lakini haukupita muda, kikohozi kikarudi. Irine akawa halali vizuri. Alikuwa akiweka mkono kifuani mwa mtoto ili ajue kama bado anapumua.

Ndipo Devotha akaja kuwatembelea. Devotha ni mhudumu wa afya wa kijiji chao. Hana haraka, na huuliza hata mambo ambayo wewe unaona hayana maana. Aliuliza mtoto anashinda wapi. Irine akamjibu kwamba anashinda jikoni, kwenye joto. Devotha akaomba kuliona jiko. Aliingia, na baada ya muda mfupi akatoka anakohoa yeye mwenyewe.

"Mtoto anahitaji joto, hapo hamjakosea," alisema. "Lakini moshi siyo joto. Moshi unaumiza kifua chake, na kifua chenyewe bado kidogo. Mvalishe sweta, kofia na soksi, akae ndani ya nyumba. Jikoni asiingie."

Irine alitaka kulia. Aliuliza atamwachia nani mtoto, wakati makande yanataka mtu wa kuchochea kuni kutwa nzima. Bibi anaweza kumshika kidogo, lakini siyo mpaka jioni, maana miguu inamsumbua. Devotha akamuuliza kama wana kikapu kikubwa na nguo kuukuu.

Kikapu kilikuwepo, kile cha kubebea tangawizi. Walikikung'uta vumbi, wakakitandika gunia safi ndani. Juu ya gunia wakashindilia majani makavu ya migomba, chini na pembeni, wakaacha shimo katikati la kutosha sufuria. Wakafunika majani kwa kipande cha blanketi. Kisha Irine akashona mto mnene kwa kanga iliyochakaa, akaujaza vitambaa. Huo ndio mfuniko wa kikapu. Hawakununua kitu.

Devotha akaeleza namna ya kupika. Mahindi yaliyokobolewa na maharage yalowekwe usiku kucha. Asubuhi maji yale yamwagwe, yatiwe mengine. Sufuria ichemke kwa nguvu motoni, nusu saa na zaidi, mpaka punje zianze kulainika. Kisha ifunikwe vizuri, iwekwe kikapuni ikiwa bado inatokota, na mto ukandamizwe juu. Moto uzimwe. Saa nne baadaye makande yameiva. Yachemshwe tena kidogo kabla ya kula.

Bibi Justa alisikiliza yote hayo amekunja uso. Makande bila moto? Alisema hayo ni mambo ya watu wavivu.

Kesho yake Irine akajaribu. Jioni Sifael akatia kijiko mdomoni, akatafuna, akatafuna tena, akauliza kama leo wanakula kokoto. Maharage yalikuwa magumu, na makande yalibidi yarudishwe motoni mpaka yakaiva. Irine aliona aibu. Alikata tamaa, na siku iliyofuata akambeba Blessing mgongoni akarudi naye kwenye moshi.

Devotha alipopita kuwajulia hali, aliwakuta jikoni. Hata alipoambiwa habari za maharage magumu, hakugomba. Aliuliza tu nani alifunua kikapu siku ile. Bibi Justa akatazama pembeni. Alikuwa amefunua mara kadhaa, akoroge na kuongeza maji, kama alivyofanya maisha yake yote.

"Mama, ukifunua, joto linatoka," Devotha alimwambia kwa upole. "Ni kama kumvua mtoto blanketi kwenye baridi. Nakuomba wewe ndiye ukilinde. Asikiguse mtu."

Hapo mambo yakabadilika. Bibi Justa alivuta kigoda akakaa ndani ya nyumba, karibu na kikapu, Blessing mapajani, amevalishwa sweta na kofia. Sifael alipokuja kuchungulia, alifukuzwa kama kuku. Irine aliweza kwenda shambani na kurudi. Jioni makande yalikuwa laini, yenye mchuzi mzito. Bibi alikula, akaongeza.

Sifael akapanua dirisha la jiko, akajenga na kibanda cha kukaushia kuni. Blessing hakuingia tena jikoni. Kikohozi kikapungua, kikaisha, na siku moja Irine aligundua kwamba amelala usiku kucha bila kuamka kumsikiliza mtoto. Alifurahi mno.

Alipomwambia Bibi Justa habari hiyo, bibi alimvuta Blessing mapajani.

"Kabla ya Sifael nilizaa mtoto wa kike," alisema. "Alikohoa hivihivi. Nilimweka karibu na moto, nikaongeza kuni. Nikasema ni baridi. Wote tulisema ni baridi. Hakupona."

Irine hakuwahi kuambiwa habari za mtoto huyo. Alimshika mama mkwe mkono, wakakaa hivyo, wote wawili wakilia.

"Hukujua, mama," Irine alisema. "Hakuna aliyekuambia."

Asubuhi iliyofuata Bibi Justa alichukua fimbo yake akapanda mwinuko polepole, mpaka kwa jirani yao Prisca, aliyejifungua hivi karibuni. Moshi ulikuwa umejaa jikoni. Prisca alikuwa ndani, anapuliza moto, na mtoto amemlaza kando ya mafiga apate joto. Alitoka mlangoni akimwamkia bibi shikamoo. Bibi Justa hakungoja hata kuitikia. Alinyoosha mikono yote miwili.

"Nipe huyo mtoto," alisema. "Kisha katafute kikapu."