Ulimi Ulimwambia Kuna Mtu

Bi Basma anakaa Likoni, nyuma kidogo ya barabara ya kwenda Shelly Beach. Nyumba yao ni ya zamani. Ina ukumbi mrefu wenye vyumba pande zote mbili. Ukifuata ukumbi ule hadi nyuma, unatokea uani, penye jiko na kisima. Mumewe, Safwan, ana duka la vitambaa. Wana mtoto mmoja, Hadeel, msichana wa miaka kumi na sita.

Bi Basma haoni. Alipoteza macho miaka saba iliyopita kwa ugonjwa wa presha ya macho. Ugonjwa huo haukumuuma. Ulimla taratibu, kutoka pembeni kuja katikati, na alipokwenda hospitali alikuwa amechelewa. Tangu hapo aliijua nyumba kwa mikono na masikio. Alipika, alifua, alikuna nazi. Akitoka nje alishika fimbo yake nyeupe.

Mwaka huu kituo kimoja cha wasioona, kule Ziwa la Ng'ombe, kilikuwa kikijaribu kifaa kipya. Bi Basma akachaguliwa. Kifaa chenyewe ni miwani yenye kamera ndogo. Kutoka kwenye miwani unashuka waya, na mwisho wa waya kuna kisahani bapa kinachokaa juu ya ulimi. Kamera ikipata mwanga, kisahani kinautekenya ulimi. Ikipata giza, kinanyamaza. Macho hayarudi, lakini ubongo hujifunza kuusoma ule mtekenyo, kama vidole vinavyojifunza kusoma maandishi ya nukta.

Mwalimu wake aliitwa Selpher. Siku ya kwanza Bi Basma alihisi kama soda inamchemkia mdomoni, basi. Wiki ya pili aliweza kukishika kikombe cheupe juu ya kitambaa cheusi. Wiki ya tatu alipita mlangoni bila kugusa ukuta. Akaruhusiwa kwenda na kifaa nyumbani. Selpher alimwambia mara mbili asiiache fimbo. Bi Basma aliitikia, lakini alipofika kwake aliitundika fimbo nyuma ya mlango. Ndani ya nyumba yake mwenyewe, fimbo ya nini tena?

Siku ya nne tangu arudi nacho, nyumba ilikuwa kimya. Safwan alikuwa dukani. Hadeel alikuwa likizo, anaanua nguo uani. Bi Basma alimaliza swala ya adhuhuri, akavaa miwani, akaweka kisahani ulimini, akatokea ukumbini.

Upande wa mbele wa ukumbi kulikuwa na mtu amesimama.

Alikuwa mrefu na mwembamba. Alisimama wima katikati ya ulimi wake, hatikisiki. Bi Basma alisikiliza. Hakusikia pumzi wala nguo. Alihesabu milango kichwani. Yule mtu alikuwa mbele ya chumba cha marehemu mkwewe, chumba kilichofungwa tangu mazishi, mwaka juzi.

"Hadeel," aliita kwa sauti ndogo, ulimi ukibanwa na kisahani.

"Abee, mama."

"Nani yuko mlangoni kwa bibi yako?"

Hadeel alikuja akatazama, akasema hakuna mtu. Alipokuwa akisema hivyo, yule mtu alitoweka. Hakuondoka kwa hatua, alizimika tu. Punde akawaka tena, palepale.

Kesho yake, baada ya adhuhuri, alikuwapo. Kesho kutwa pia. Bi Basma alijilazimisha kusimama amchunguze. Aligundua kwamba anasogea. Alisogea taratibu sana kuelekea ukingo wa mlango, bila mguu kugusa sakafu, na baada ya muda akaingia ukutani.

Bi Basma hakula vizuri wiki ile. Alimweleza wifi yake, Jalila, aliyekuja kumjulia hali. Jalila hakushangaa. Alisema saa zile za jua la utosi si saa za watu peke yao, na huenda marehemu ana neno lake. Akashauri wafukize ubani.

Siku iliyofuata Jalila alileta chetezo. Walisubiri adhuhuri ipite. Bi Basma alivaa miwani akasimama katikati ya ukumbi. Yule mtu alikuwa mlangoni kama kawaida. Jalila akaweka ubani kwenye makaa na kuanza kusoma dua.

Moshi ulipopanda, yule mtu alinenepa.

Bi Basma alimhisi akitoka mlangoni. Alirefuka mpaka paani. Aliinama mbele, akajaza ulimi wote, na ndani yake mna kitu kinachozunguka. Bi Basma aligeuka akakimbia. Alitokea uani, akakimbilia upande ambao ulimi ulikuwa kimya. Pale hapakuwa na kitu, naye akaona pana salama.

Asubuhi ile fundi wa pampu, Thoya, alikuwa amefunua kisima. Kipuri kimoja kilimpungukia, akaenda kukinunua bila kurudisha mfuniko. Kisima kiko chini ya kibanda, kwenye kivuli kizito. Mguu wa kulia wa Bi Basma ulikanyaga hewa.

Aliangukia kifua kwenye ukingo na kulidaka bomba la pampu. Kisahani kilimtoka mdomoni kikabaki kinaning'inia kwenye waya. Kiatu kilimvuka mguuni. Alisikiliza kitue, kikakawia, kikakawia, kisha maji yakaitika chini kabisa. Hadeel na Jalila walimvuta juu.

Jioni Safwan aliuona mguu wa mkewe uliochubuka. Alisema kifaa kirudishwe kesho. Jalila aliapa kwamba kile kitu ndicho kilichomsukuma kisimani. Bi Basma hakubisha. Alimpigia Selpher simu, akamwambia aje akichukue.

Selpher alifika asubuhi. Aliwapa pole, akakaa, akamwacha Bi Basma asimulie mpaka mwisho. Hakumcheka. Aliuliza jambo moja tu, kwamba huyo mtu huja saa ngapi. Kisha akaomba ruhusa ya kungoja.

Baada ya adhuhuri Bi Basma alivaa miwani. Akaweka kisahani ulimini, akaelekea ukumbini.

"Yupo," alisema.

Selpher alikwenda hadi mlango wa marehemu. Alimwita Hadeel, akamuuliza anaona nini.

"Mlango," alisema Hadeel.

"Na juu ya mlango?"

"Jua tu."

Ulikuwa ni mlango wa mbao nyeusi, na juu yake ulisimama mstari wa jua, mwembamba, mrefu kama mtu. Selpher alitazama juu. Bati moja la paa lilikuwa limeinuka, na jua lilipenya hapo. Alimwambia Hadeel aweke mkono katikati ya ule mstari. Bi Basma akahisi mtu wake amekatika vipande viwili. Hadeel akaondoa mkono. Mtu akaungana.

"Wingu likipita huzimika," Selpher alisema. "Jua likisogea naye husogea. Na moshi wa ubani ukiingia kwenye mwanga, mwanga unapata mwili. Sisi tunaoona hatulihesabu jua kuwa kitu. Ulimi wako unalihesabu, Bi Basma. Haukukudanganya, ila wewe hukuuliza."

"Niulize vipi?"

"Kwa fimbo. Nenda ukamguse."

Selpher alimletea fimbo. Bi Basma alitembea polepole. Ncha ya fimbo ilimpita yule mtu ikagonga mbao.

"Huyu hakuwa na hatari," Selpher aliendelea. "Hatari ilikuwa pale palipokuwa kimya. Shimo ni jeusi, na katika kifaa hiki, kitu cheusi hakisemi. Kimya cha ulimi si usalama. Anayelijua shimo ni fimbo."

Safwan, ambaye siku hiyo hakwenda dukani, alikuwa amesimama nyuma yao. Aliuliza kama kifaa kinaweza kubaki. Selpher alisema kinaweza, kisima kikifungwa. Kisha akauliza nani mwingine katika nyumba ile amepimwa presha ya macho. Hakuna. Aliwaeleza kwamba ugonjwa huo hufuata damu, na kwamba mtu asingoje maumivu, kwa sababu hauumi.

Wiki ileile Safwan alimpeleka Hadeel hospitali. Presha ya macho yake ilikuwa imepanda. Daktari alisema wamewahi. Sasa hutia dawa ya matone kila siku, na macho yake ni mazima.

Kisima kina mfuniko wa zege wenye kufuli. Bati Safwan alitaka kulipigilia, Bi Basma akamwomba aliache kwanza. Kila adhuhuri humwendea yule mtu na fimbo mkononi, hujifunza kumzunguka. Jalila bado hapiti ukumbini saa ile.

Shule zilipofunguliwa, Hadeel alikuwa anatoka na sare yake nyeupe. Mamake alikuwa uani na miwani yake. Msichana alipopita mbele ya geti jeusi la uani, Bi Basma alimwambia asimame hapo.

Alianzia miguuni. Aliinua kichwa kidogo kidogo, na mtekenyo ukapanda naye. Mara ya mwisho kumwona mwanawe, mtoto alikuwa na miaka tisa na kimo chake kiliishia kifuani kwa mama. Alipofika hapo mtekenyo haukuisha. Ilimbidi ainue kidevu, kisha akiinue tena.

Akakitoa kisahani mdomoni ili aseme vizuri.

"Kumbe umenipita," alisema.