Kilichopanda Pikapu ya Njogu

Gari kuukuu likizima saa sita kamili mchana, hilo ni gari tu. Likizima kesho yake saa ile ile, mwite fundi. Lakini pikapu ya Wacera ilikuwa imezima siku kumi na moja mfululizo, saa sita haipiti, ikitetemeka kwanza mwili mzima, kisha ikitoa kwa ekzosi harufu isiyokuwa ya petroli wala ya moshi. Ilikuwa harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi. Wacera aliijua. Aliinusa mwezi uliopita kule Murang'a, kaburini kwa mumewe Njogu.

Pikapu hiyo ndiyo iliyokuwa shamba lake. Kila siku alibeba nyama ya mbuzi kutoka machinjio ya Kiamaiko akiwapelekea wenye hoteli Muthurwa, na ndipo watoto wakala. Sasa Kabiru, ndugu ya marehemu, alikuwa ametangaza mbele ya ukoo kwamba gari linamlilia mwenyewe, mwanamke halimtii, na Jumamosi anakuja kulichukua.

"Halimtii nani?" Wacera alifoka. "Mimi nimelisukuma kwenye matope nikiwa na mimba ya miezi minane! Yeye amelifanyia nini, zaidi ya kuomba lifti?"

Jumamosi ilipofika aliamkia kwa Kilonzo, fundi wa Dandora mwenye maneno mengi kuliko spana. Kilonzo alibadilisha plagi, akafungua kabureta na kuipuliza, akasugua pointi kwa msasa.

"Mama Njoki, gari halina pepo. Lina uchafu."

"Na nyinyi Wakamba husemwa mna dawa ya kila kitu."

"Yangu ni hii, namba kumi na tatu," akacheka, akiinua spana.

Saa sita ikakaribia, akaiwasha injini, nayo ikaanza kutetemeka. Kilonzo akafanya wanavyofanya mafundi wote: injini ikiwa inanguruma, unachomoa waya wa plagi mmoja mmoja ukisikiliza. Ukichomoa wa silinda nzima, injini huyumba. Ukichomoa wa silinda mbovu, hakuna kinachobadilika.

Akachomoa wa kwanza. Injini haikuyumba.

"Mgonjwa wetu huyu hapa," akasema.

Akachomoa wa pili. Haikuyumba. Wa tatu pia. Kilonzo akaacha kucheka. Akachomoa wa nne, na injini, ambayo sasa haikuwa na waya hata mmoja na kwa haki ilipaswa kufa papo hapo, ikatulia na kunguruma laini kama siku iliyonunuliwa.

Akazima swichi, ikaendelea. Akang'oa waya wa betri, ikaendelea. Na ile harufu ya udongo ikapanda kutoka chini ya boneti ikawajaa puani mpaka Wacera akahisi mchanga ulimini, na korongo wa jalala lililokuwa jirani wote wakaruka kwa pamoja bila kutoa sauti, na jua la utosi likawa linawaka lakini haliwapi joto, na ndani ya mngurumo ule pakasikika pumzi, ikivutwa, ikitolewa, ikivutwa tena, hadi pumzi ikawa sauti, na sauti ile ilikuwa ya Njogu hasa.

"Wacera. Panda twende nyumbani. Udongo umeshachimbwa."

Ewe Mungu, alivyomkosa mtu yule! Miguu ikamchukua yenyewe hadi mlangoni, mkono ukashika kitasa. Kisha akasimama.

"Si yeye," akanong'ona. "Njogu hakuniita jina langu tangu nimzae Njoki. Si yeye, Kilonzo."

"Mama," Kilonzo akauliza, akirudi nyuma, "siku ya mazishi, gari hili lilizima njiani?"

Lilizima, Wacera akamsimulia yote. Porini, jeneza likiwa nyuma, saa sita mchana. Kila mtu anajua gari la maiti likigoma ni marehemu amekataa kwenda. Anaitwa kwa jina lake, anabembelezwa. Lakini Kabiru na haraka zake alipiga boneti kofi akapayuka: "Wewe uliyetusimamisha hapa, panda mbele utuendeshe!" Na gari likawaka mara moja, watu wakapiga makofi.

"Hakutaja jina," Kilonzo akanong'ona. "Yeyote aliyekuwa porini alialikwa. Tukimbie. Nitakutafutia mganga, nitakutafutia padri..."

"Na mbuzi wangu wabebwe na padri?"

Sikufichi, aliogopa. Lakini hasira ilikuwa imeshaizidi hofu. Mume kachukuliwa, gari linataka kuchukuliwa, na sasa kidudu cha porini kinaazima sauti ya maiti wake! Akaipiga boneti ngumi.

"Sikiliza, wewe usiye na mama. Uliambiwa utuendeshe. Hukuambiwa uzime, hukuambiwa uongee. Ulikubali kazi, fanya kazi!"

Injini ikapaliwa. Ikakohoa. Ikaendelea, lakini polepole, kama mtu anayefikiri.

Hapo ndipo Kabiru alipofika, kofia kichwani, mkono umeshanyooshwa.

"Shemeji, ufunguo."

"Huu hapa. Panda, unaitwa."

"Naitwa na nani?"

"Kabiru," ikasema sauti chini ya boneti, tamu kabisa. "Ndugu yangu uliyenikaribisha. Njoo tukae pamoja."

Kabiru akainama, akaona injini inazunguka na nyaya zote nne zinaning'inia. Kofia yake ilibaki pale pale. Mwenyewe alionekana mara ya mwisho akivuka jalala, na mpaka leo ukoo haujatuma mtu mwingine.

Wacera akaingia, akashika usukani kwa mikono miwili.

"Mama Njoki!" Kilonzo akalia. "Ngoja angalau nirudishe nyaya!"

"Kaa nazo," akasema, akaingiza gia. "Kiamaiko, wewe. Na uchelewe uone."

Pikapu ikaondoka mbio.