Njoo Tupige Picha Tu

"Wekeni vichekesho jamani, maisha yenyewe yanatosha kuniliza!" Mama Pacha alipiga kelele kutoka chini ya draya ya saluni.

"Vichekesho havina maana," alijibu mwalimu, ambaye kichwa chake kilikuwa mikononi mwa Msusi, nusu kimesukwa, nusu kimesimama wima. "Mtu anateleza, anaanguka, mnacheka. Wekeni ya kipelelezi tutumie akili kidogo."

"Ya kipelelezi na wewe? Filamu haijachanganya umeshamtaja muuaji. Unatuharibia utamu."

"Basi ya kutisha."

"Mimi niko chini ya draya! Nikiruka hapa nikaungua masikio, utaniuguza wewe?"

"Zile za vyombo vya angani je?"

"Mwe! Watu wamevaa mabati, wamesafiri miaka mia, wamefika kwenye nyota, na bado wanagombania nani mkubwa. Si wangegombana tu nyumbani?"

Saluni nzima ikacheka. Msusi naye akacheka. Jumamosi hiyo alikuwa na kila sababu ya kucheka, maana harusi yake ilikuwa wiki tatu mbele, na mchumba wake ndiye aliyekuwa akiongea ndani ya filamu zote za televisheni ya saluni. Mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa maneno yake mengi. Kazi yake ilikuwa kutafsiri filamu za nje: anavaa visikilizio, anashika maikrofoni, anawasemea watu wote waliomo, mzee, mtoto, jini na roboti, na pale asipoelewa anatia chumvi yake. Filamu ikishatoka kwake inanakiliwa kwenye flashi na kusambaa nyumba kwa nyumba, haina breki.

Shangazi yake, mwenye saluni, akachomeka flashi mpya. Vichekesho vilishinda.

Kwenye kioo cha televisheni akatokea bibi harusi mnene, amekaa ngazini na gauni lake, mvua inamnyeshea, simu sikioni. Bwana harusi hajatokea. Chiriku akabana pua na kutoa sauti ya kike ya kudeka:

"Mpenzi, kama nimekukosea nisamehe. Usinioe, basi. Njoo tupige picha tu, halafu uende zako. Sitakufuata!"

Saluni ililipuka. Mama Pacha alitoka chini ya draya kashika mbavu. Hata mwalimu, yule asiyetaka vichekesho, alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Rudisha! Shangazi, rudisha hapo hapo!" Mama Pacha alisema.

Ikarudishwa. Wakacheka upya.

"Aii, dada, unanivuta!" mwalimu alilalamika.

Msusi hakusikia. Vidole vyake vilikuwa vimeganda kwenye nywele za mtu. Maneno yale aliyajua. Aliyasema mwenyewe, kwenye simu, miaka sita iliyopita, akiwa ndani ya gauni jeupe, akimbembeleza mwanamume aliyemwacha siku ya harusi. Tangu hapo aliyarudia mara moja tu, kwa Chiriku, siku alipomchumbia, huku analia kifuani kwake. Kwamba aliwahi kuachwa, mtaa ulijua. Kwamba alibembeleza namna ile, hata mama yake mzazi hakujua.

"Samahani mwalimu, nakuja sasa hivi."

Alijifungia stoo, katikati ya madebe ya mafuta na taulo mbichi, akapiga simu.

"Mke wangu mtarajiwa!" Chiriku alipokea kwa furaha. "Mmeiona? Hapo kwa bibi harusi vipi? Watu wananipigia simu tangu asubuhi, wanasema nimeua!"

"Yale maneno umeyatoa wapi?"

"Maneno gani tena?"

"Chiriku, nakuuliza. Umeyatoa wapi?"

"Yalitoka tu, mpenzi. Yule dada anaongea lugha yao harakaharaka, mimi hata sijui anasema nini, mdomo ukawa unatafuta cha kuweka... Lakini sikutaja jina! Hakuna anayejua kama ni wewe."

"Mimi najua."

"Ni vichekesho tu jamani."

"Nilikuambia nikiwa nalia. Ukanikumbatia, na wewe ukalia. Kumbe ulikuwa unaweka akiba ya kuchekeshea watu?"

Akakata simu. Ilianza kuita, akaizima mlio. Meseji zikafuatana:

"Nisamehe. Mdomo umeniponza."

"Pokea simu, nakuomba."

"Nimewaambia wenye maduka ya filamu waifute, wananicheka. Wanasema imeshafika mpaka kwa ndugu zao nje ya mji."

"Niambie nifanye nini. Nitafanya chochote."

Jioni, wateja walipoondoka, alimwambia shangazi yote. Shangazi alimsikiliza ufagio mkononi, bila kufagia.

"Unakumbuka alivyokuwa anakuja hapa kila siku, anajifanya anataka kusukwa na kipara chake?" Msusi alisema.

"Nakumbuka. Nilikuwa namfukuza kwa taulo."

"Siku moja akaniuliza napenda filamu gani. Nikamwambia za kutisha. Akashangaa, sura ya upole hivi na mambo ya mazimwi wapi na wapi? Nikamwambia, kwenye ya kutisha mtu akilia hakuna anayecheka. Kwenye vichekesho lazima awepo mmoja wa kuchekwa, na mimi huyo mmoja nimeshakuwa."

"Akasemaje?"

"Akasema kwake nitakuwa salama."

Shangazi akashusha pumzi. "Mwanangu, nisikilize. Amekosea, tena kosa baya. Lakini kadi zimeshatolewa. Ukivunja leo, watu watasema umeachwa tena."

"Ndicho kinachoniua, shangazi. Kuolewa naye naogopa, kutoolewa naogopa. Nitashika lipi?"

Siku ya tatu moyo ukaanza kulegea. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, alijiambia. Labda ni mimi tu na kidonda changu cha zamani. Akaandika kwenye simu: "Nimekusamehe. Njoo tuongee." Hakuituma. Aliona ni neno la kuambiana ana kwa ana, akapanga ampitie baada ya kazi kesho yake.

Kesho yake mchana, Mama Pacha aliingia na flashi.

"Chiriku katoa ya kutisha asubuhi hii, ya moto kabisa! Leo nakaa mbali na draya, nimejiandaa."

Filamu ikaanza. Nyumba tupu, mlango unalia, msichana anashuka ngazi na mshumaa. Wanawake wakakamatana mikono. Mara muziki ukashushwa, na Chiriku akaongea kwa sauti yake mwenyewe.

"Ngojeni kidogo hapo. Ni mimi. Nataka kumwomba msamaha mchumba wangu, msusi wa saluni ya kona. Yale maneno ya bibi harusi, njoo tupige picha tu, mliyoyacheka nyote, ni maneno yake ya kweli. Aliyasema siku alipoachwa. Mpenzi wangu, nimekosa. Msamaha huu nimeuweka kwenye filamu ya kutisha kwa sababu ndizo unazopenda. Kila mtu asikie kwamba nimekosa."

Hakuna aliyecheka. Kwenye kioo kikubwa cha ukutani nyuso ziligeuka moja moja, zikamtazama Msusi. Alikuwa ameshika kitana, hana pa kukiweka.

"Dada... kumbe ulikuwa wewe?" Mama Pacha alinong'ona. "Jamani, na mimi ndiye niliyesema irudishwe."

"Pole, mdogo wangu," alisema mwingine. "Pole sana."

Ile pole ilimchoma kuliko kicheko cha Jumamosi. Simu ikaita. Alikuwa mama yake.

"Mwanangu, ni kweli ulimbembeleza yule mtu hivyo? Baba yako ameambiwa na watu kazini."

"Ni kweli, mama."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilijua utalia."

Mama akaanza kulia palepale, na Msusi akashika simu sikioni mpaka ilipokatika.

Haikupita muda, Chiriku akaingia akihema, shati limelowa jasho, macho yamejaa matumaini. Shangazi akawatazama wateja, wote wakakumbuka shughuli zao. Naye akatoka, akarudisha mlango.

"Umeisikia?" Chiriku aliuliza.

"Nimeisikia. Wote tumeisikia."

"Nimekiri mbele ya watu, mpenzi. Sikujificha."

"Ni kweli hukujificha. Umenifichua mimi."

Msusi aliona jambo lenyewe likimwingia Chiriku polepole, mpaka akakaa kwenye kiti cha kuoshea nywele.

"Mungu wangu," alisema. "Sikufikiria."

"Jumamosi nilikuwa najua peke yangu. Ningelala, ningeamka, ingepita. Hata jana nilikuandikia kwamba nimekusamehe. Sikutuma, nilitaka nikuambie kwa mdomo."

"Basi niambie! Niambie sasa!"

"Nijibu swali moja kwanza, wala usinipambie. Nikiwa mkeo, nikakuambia jambo la moyoni, litaishia wapi?"

"Nitajitahidi..."

"Sikukuuliza hilo."

Akainamisha kichwa. "Sijui," alisema mwishowe. "Nakupenda, lakini sijui. Nikishika maikrofoni simjui hata mama yangu."

Msusi akalia. Huo ulikuwa ukweli mtupu, na uliuma kwa sababu alimpenda mtu aliyeusema. Akavua pete, akamwekea kiganjani, akamkunja vidole kimoja kimoja.

"Usifanye hivyo. Nakusihi, usiniache. Nitaacha kazi! Vyombo vyote nitavivunja leo hii!"

"Ukiacha kazi utanichukia, kisha utanisimulia kwa watu jinsi nilivyokuachisha. Nakujua."

"Nitaishije mimi?"

"Sijui. Na mimi nitaishije sijui. Lakini mimi niliachwa nimeshavaa gauni, natazama barabarani. Wewe nakuambia mapema, uso kwa uso, suti haijatoka hata kwa fundi. Siku ya harusi usije, Chiriku. Sitakuwepo."

Chiriku aliondoka akijigonga kwenye viti. Shangazi akaingia, akatazama kidole kitupu cha mpwa wake.

"Unampenda?"

"Nampenda sana, shangazi."

"Na watu? Utawaambia nini watu?"

Msusi akafuta uso kwa taulo ya wateja, akampigia mama yake.

"Mama, waambie wote hakuna harusi. Na wakiuliza safari hii nani kamwacha mwenzake, waambie ni mimi."

Kisha akakaa kwenye kiti cha wateja, mlango ukiwa wazi na watu wakipita, akalia bila kujificha.