Mgeni Ndani ya Kabati

Pikipiki ilizama shimoni, ikaibuka, ikaendelea.

Mita mia tatu mbele, lori jekundu aina ya Howo lilikuwa likikwea kilima cha mwisho kabla ya Kasulo. Turubai la buluu. Kamba nne. Kwa mujibu wa kibali chake, lilibeba mbolea.

Eustakia alijua kwamba si mbolea.

Redio ilikwaruza ndani ya helmeti.

"Ruvubu, hapa Mlima. Uko wapi? Ova."

"Nimeiacha Biharamulo, Mkuu. Naingia Ngara. Lori naliona. Ova."

"Usilisimamishe porini. Baruti ya migodini, makreti arobaini. Dereva akishtuka, tutaokota vipande vyako kwenye miiba."

"Lakini kizuizini watalipitisha. Kabati linasema mbolea."

"Basi hiyo ndiyo kazi yako. Kabati ulilijenga mwenyewe."

Kauli hiyo ya mwisho ilimchoma kuliko upepo wa asubuhi.

Kweli, alilijenga. Miaka minne nyuma, akiwa mwanachuo kwenye mafunzo kwa vitendo, aliketi katika masijala ya ofisi moja ya vibali huko Biharamulo, akaunda mfumo wa tovuti wa kutunza mafaili yote ya ofisi ndani ya hifadhidata. Akauita Kabati. Kibali kilipigwa picha, kikapakiwa, kikahifadhiwa pamoja na jina la aliyekipakia na saa yake. Mfumo ulikuwa mzuri hata watu wa Idara ya upelelezi wakamtafuta. Wakampa bastola ya Browning, redio, na jina la mto: Ruvubu.

Siku tatu zilizopita Idara iligundua kwamba kibali cha baruti, kilichotolewa kwa mgodi wa ndani, kilikuwa kimegeuka ndani ya Kabati kikawa cha mbolea ya kuvushwa mpaka. Jina la aliyekibadilisha lilisomeka wazi: Thobias.

Mzee Thobias, karani wa masijala. Mzee aliyemfundisha Eustakia kufunga mafaili kwa kamba, aliyemgawia viazi vyake vya mchana. Alikuwa mahabusu tangu siku ile. Saa nane mchana wa leo angesimama kizimbani.

Na Eustakia alijua tangu siku ya kwanza kwamba hakufanya.

Akanyamaza.

Siku tatu nzima, akanyamaza.

Aliongeza mafuta. Pikipiki, Boxer kuukuu, ikanguruma, ikalipita lori bila dereva kugeuza shingo.

Kasulo malori yalipanga foleni mbele ya chuma cha kizuizi. Utaratibu wake alikuwa anaujua. Askari anamulika kibali kwa simu, Kabati linaonyesha faili. Likionyesha baruti inayotoka nchini, chuma hujifunga chenyewe, hakiinuki, hata kama askari amehongwa. Na mmoja wao alikuwa amehongwa. Ni yupi, Idara haikujua, ndiyo maana hakuna aliyewapigia simu.

Malori manane. Dakika kumi, labda.

Aliegesha nje ya hoteli ya Mama Deodata, mkabala na kizuizi. Kila badiliko ndani ya Kabati huacha alama ya mtandao lilikotoka. Alama za leo zilitoka hapa.

"Binti, mbona unatweta kama umefukuzwa na nyuki?" Mama Deodata alimkaribisha, birika mkononi.

"Shikamoo, mama. Barabara."

"Marahaba. Barabara haijawahi kumtoa mtu macho hivyo. Kaa, nikuletee chai."

Aliketi, akafungua kompyuta yake ya ThinkPad. Mzee Thobias aliwahi kumwambia, "Karatasi ya masijala haitupwi, mwanangu. Mpya inakaa juu, ya zamani inabaki chini." Naye aliliunda Kabati hivyo hivyo. Alishuka hadi nakala ya kwanza. Baruti, makreti arobaini. Akairudisha juu.

Ikakaa.

Sekunde kumi baadaye, mbolea.

Akairudisha tena.

Mbolea.

Aliinua macho. Madereva wawili walikuwa wakigombania chumvi. Pembeni, mwanamume wa shati jeupe aligusa kitufe kimoja cha kompyuta yake, akanywa chai, akatabasamu.

Jovitus. Wakala wa forodha. Alikuwa akija ofisini na mkungu wa ndizi, akisalimia hadi mfagizi.

"Dada Eustakia," alisema kwa upole. "Neno la siri bado ni *karibu*?"

Damu ilimpanda usoni.

Enzi zile watu walikuwa wakitembea kutoka Bisibo kuleta karatasi zao, wanaambiwa picha haisomeki, warudi kesho. Eustakia hakuweza kuwatazama machoni. Basi akafungua akaunti ya mgeni, mtu ajipakilie upya mwenyewe. Jina: mgeni. Neno la siri: karibu. Akaliandika kwenye karatasi, akaibandika ukutani.

Kisha mfumo ukataka kujua mgeni aandikwe kwa jina la nani. Kwao Kibimba, mgeni akivunja chungu, hulaumiwa mwenyeji. Akamwandikisha mgeni kwa jina la mwenye masijala. Thobias.

Hapo ndipo alipokosea. Kabati lilimruhusu kila mtu kubadilisha mafaili yenye jina lake. Na mgeni, kwa jina la Thobias aliyepakia mafaili yote, akawa mwenye kila kitu.

"Rudisha utakavyo," Jovitus alisema. "Mimi nitabadilisha. Kila nikibadilisha, mzee anazidi kuzama. Hilo jina ulichagua wewe, dada, si mimi."

Malori matatu yalibaki.

Njia ilikuwa moja: kuifunga akaunti ya Thobias, na mgeni afungiwe humo. Ilihitaji namba ya Mkuu.

"Mlima, hapa Ruvubu. Naomba namba ya kufunga akaunti ya Thobias. Haraka. Ova."

Sauti ya Mkuu, Rwekaza, ikarudi, nzito.

"Kwa hiyo ni kweli. Mzee aliwapa neno lake la siri?"

Malori mawili.

Neno moja tu. Angesema *ndiyo*, namba ingekuja, lori lingekamatwa, na hakuna ambaye angeuliza zaidi. Kikosi kizima kilikuwa hewani kinasikiliza. Watu waliomwita mtaalamu.

Jovitus alimtazama kama anayesubiri chenji.

"Hapana," Eustakia alisema.

"Rudia."

"Hapana, Mkuu. Mzee hakumpa mtu kitu. Mlango niliuacha mimi. Niliweka akaunti ya mgeni, nikaiandika kwa jina lake. Nilijua tangu siku ya kwanza. Niliona aibu kusema."

Lori moja.

"Nne, saba, sifuri, mbili," Rwekaza alisema.

Akaandika. Akafunga. Akairudisha nakala ya kwanza.

Jovitus aligonga kitufe. Akagonga tena. Tabasamu likamdondoka.

Ng'ambo, askari alimulika kibali cha Howo. Taa nyekundu. Askari mwingine akakimbilia mpini wa chuma, akauvuta kwa mikono miwili. Chuma hakikuinuka.

"Mlima, aliyehongwa ni huyo mwenye mpini."

"Tumemwona."

Jovitus alitia mkono mkobani. Kitako cha bastola kikachomoza.

Eustakia alilipiga teke jiko la chai lililokuwa kati yao.

Birika liliruka. Jovitus akapiga yowe, bastola ikaanguka kwenye majivu. Alipofungua macho, Browning ilikuwa inamtazama.

"Karibu," Eustakia alisema.

"Birika langu!" Mama Deodata alilia. "Mmekosa pengine pa kuuana?"

Land Cruiser mbili za Idara, Rwekaza akiwa katika ya kwanza, zilifunga barabara. Dereva wa Howo alishuka, mikono juu.

Saa saba na nusu simu ililia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wamenifungulia." Mzee Thobias alikohoa. "Wamenieleza yote."

Machozi yalimtangulia.

"Nisamehe, mzee."

"Viazi nilikugawia bila kuuliza. Na jina langu ungeniomba tu. Siku tatu, Eustakia. Mke wangu hakutoka nje, hata kwenda misa hakwenda. Jumapili njoo, uketi naye benchi la mbele, watu wawaone."

"Nitakuja."

"Na ile karatasi ya ukutani, uje uibandue mwenyewe."

Simu ikakatika. Wenzake kando ya magari walimtazama, wakatazama kwingine. Rwekaza alinyoosha mkono. Eustakia akamkabidhi redio bila kuambiwa.

Akamlipa Mama Deodata birika lake. Akatembea taratibu hadi kwenye Boxer, mabega yamenyooka, kama mtu aliyemaliza kazi.

Kisha akavaa helmeti, akashusha kioo chake cheusi, ingawa jua lilikuwa limeshajificha mawinguni.